Madigadi ya Kijiji

Mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara kuu pale Mikumi alifunua kanga ili amwone mtoto, akakuta plastiki.

"Mungu wangu! Dada, umebeba nini?"

"Madigadi," alisema Raheli.

"Nikadhani mtoto. Nikasema mbona hageuki, kumbe madigadi!" Akacheka hadi akalishika jiko lake kwa bahati mbaya, akapuliza vidole. "Haya, nenda, mama madigadi. Fundi yuko pale nyuma ya mti wa mkwaju, ukimkuta hajalala."

Raheli alitaka kucheka naye. Kicheko kilifika kooni kikarudi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka kijiji cha Juhudi, na usiku wake haukuwa wa kulala. Ulikuwa wa kuwapangusa macho watoto wawili waliolazwa kwa surua katika zahanati alikokuwa muuguzi. Vipande vile aliviweka mgongoni kwa sababu mikono ilikuwa imechoka kubeba, na kanga ndiyo njia aliyoijua ya kubeba kitu asichotaka kivunjike zaidi.

Fundi Ulimboka hakuwa amelala. Alikuwa ameinamia baiskeli iliyopinduliwa, na alipoinuka aliinuka kwa awamu, mkono mmoja kiunoni. Alikuja huku na wajenzi wa barabara ya Zambia. Barabara ikaenda zake, yeye akabaki.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Sista. Leo umekuja kwa miguu. Pikipiki ina nini?"

Raheli alifungua kanga, akaweka vipande chini. Ilikuwa madigadi ya mbele ya pikipiki ya zahanati, rangi ya maziwa yaliyoganda, imekatika katikati, na nusu ya chini imepasuka tena vipande vitatu. Mwezi uliopita alikuwa amemkwepa ndama wa mzee Ngoitiko, akaingia kwenye kisiki. Ndama aliondoka mzima. Raheli alichubuka goti tu. Madigadi ndiyo iliyolipa.

Mtu asiyeijua pikipiki ile angesema madigadi ni urembo. Lakini injini yake ilikuwa imelala kifudifudi, kichwa mbele, na plagi yake inatazama gurudumu. Madigadi ikiwa haipo, kila tope linaloruka linakwenda kwenye plagi. Plagi ikilowa, injini inakohoa, inazima, na wewe unabaki katikati ya mbuga ukisikiliza vyura.

Hivyo ndivyo ilivyotokea siku chache baada ya ajali ile. Raheli alikuwa anatoka Kilosa na chanjo ya surua ndani ya thamosi ya barafu. Pikipiki ilizima kabla ya mto Miyombo, akaiwasha, ikazima, akaiwasha. Masika yale hakuna gari lililopita njia ile, na reli ilikuwa upande mwingine kabisa. Alikaa juu ya gogo, ameiweka thamosi mapajani, akiitikisa mara kwa mara asikie kama barafu bado inagonga. Ilifika wakati haikugonga tena. Chanjo yote ikamwagwa. Huko Kilosa hawakumgombeza. Walimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza: "Sista, chanjo ni chache. Ya mwezi ujao ikiharibika tena, sehemu yenu itabidi tuwape wenye barabara nzuri." Mwezi huo ulikuwa ndio huu, na chanjo ilikuwa ya kuchukuliwa Alhamisi.

"Morogoro umeuliza?" alisema Ulimboka.

"Hakuna."

"Dar es Salaam?"

"Hakuna."

Fundi akatikisa kichwa bila kushangaa. Mwaka ule, baada ya vita, "hakuna" lilikuwa neno la kwanza la kila mwenye duka. Sabuni hakuna, betri hakuna, viberiti hakuna; ingekuwa madigadi?

Alichukua kisu, akakwangua ukingo wa kipande kimoja, unyuzi mwembamba kama ukucha, akauwasha. Uliwaka kwa moto mdogo wa buluu, ukadondosha tone. Akamsogezea Raheli.

"Nusa."

"Mshumaa."

"Ndiyo. Ninaweza kuichomelea kama ninavyochomelea ndoo za watu. Lakini ipo sehemu imesagika kabisa, inahitaji kiraka, na kiraka lazima kiwe cha aina hii hii. Niletee plastiki inayonuka mshumaa. Ikinuka kitu kingine, niache nipumzike. Plastiki ni kama mawifi, Sista. Si kila mmoja anakaa na mwenzake."

"Nitaitoa wapi?"

"Dumu. Ndoo. Beseni." Akamtazama kwa huruma. "Lakini nani atakupa ndoo mwaka huu? Mwaka huu watu wanaficha ndoo kuliko wanavyoficha mabinti."

Wakakubaliana kwamba siku ya Jumanne fundi angekuja Juhudi kwa baiskeli na vyuma vyake, Raheli awe ameshapata plastiki. Akafunga vipande tena mgongoni. Mchoma mahindi alimpa hindi moja bure, akasema ni la mtoto.

*

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mwinshehe, alikuwa mtu wa haki. Watu walimheshimu kwa hilo, na kwa hilo hilo walimchoka. Raheli alipomweleza kuwa inahitajika ndoo moja, au dumu moja, mzee alikuna kidevu.

"Nikichukua ndoo ya mtu mmoja," alisema hatimaye, "madigadi itakuwa yake. Umesahau mashine ya kusaga?"

Hakuna aliyeisahau. Samweli alitoa mkanda wa mashine, mkanda wake mwenyewe, na tangu siku hiyo alitaka unga wa nyumbani kwake usagwe kwanza, hata akikuta foleni ya akina mama tangu asubuhi. Mkanda ulipokatika, baadhi ya watu walishukuru Mungu.

"Pikipiki ni ya kijiji," alisema mzee Mwinshehe. "Madigadi itakuwa ya kijiji. Kila kaya italeta kipande chake cha plastiki, kiwe kikubwa au kidogo, haidhuru. Hata wafugaji wa maboma. Watoto wao nao watachanjwa."

Raheli alifungua mdomo. Alitaka kusema habari ya mshumaa. Lakini mzee alikuwa ameshasimama, ameshafurahi, na Raheli tangu utoto wake hakuwa mtu wa kumkatiza mkubwa maneno. Chuoni walikuwa wakimwita Kobe. Na alikuwa amechoka. Uchovu una njia yake ya kukuambia kwamba jambo litajinyoosha lenyewe.

"Fundi amesema... ziwe za aina moja, mzee," alisema, sauti ikitoka ndogo.

"Zote si plastiki?" alisema mzee Mwinshehe, akaenda kutafuta mtu wa kupiga mbiu.

Siku ya Jumanne, Ulimboka alipofika, alikuta rundo mbele ya zahanati na kijiji kizima kimelizunguka. Vitana. Kandambili zilizokatika. Mkono wa mwanasesere, na hakuna aliyejua mwanasesere alikotoka. Bangili nyekundu. Kipande cha redio ya marehemu Gabrieli, kimeletwa na mjane wake Teresia, kimefungwa kwenye leso. Juu ya rundo kifuniko cha njano cha dumu, kimeletwa na Soila, mke mdogo wa Ngoitiko, aliyekuwa amesimama pembeni na mwanawe mgongoni, kwa kuwa wenye mifugo hawakuwa wamehamia kijijini na hawakujua vizuri mahali pao pa kusimama.

Ulimboka alilitazama rundo muda mrefu. Kisha akamtazama Raheli.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia," alisema Raheli, na akatazama chini, kwa sababu kumwambia mtu na mtu kusikia ni vitu viwili.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema fundi, "hivi vitu havitashikana."

"Watu wameshikana, fundi, plastiki itashindwa?"

Makofi yakapigwa. Mtu akapiga kigelegele. Ulimboka akafuta uso kwa kiganja, kama mtu aliyekwisha kusikia makofi mengi ya namna hiyo maishani, akawasha jiko la mkaa.

Alifanya kazi yake vizuri. Hilo lazima lisemwe. Kila ufa aliutoboa tundu dogo mwishoni kwa msumari wa moto, ili ufa usiendelee kutambaa. Akatoboa matundu mengine kandokando, akashona vipande kwa waya mwembamba wa shaba alioutoa kwenye dainamo iliyokufa. Kisha akaanza kuyeyusha viraka, kimoja baada ya kingine, chuma kikiingia motoni na kutoka, na kila plastiki ilitoa harufu yake: nywele, lami, dawa ya mbu, kitu kama siki. Watu hawakuondoka. Kila mmoja alikuwa akisubiri zamu ya chake.

"Hicho ni kitana cha mke wangu," alisema Samweli. "Kiweke mbele, kionekane."

"Kitana chenyewe hakina meno," alisema Teresia.

"Meno ya nini? Madigadi inatafuna?"

"Wewe Samweli umetoa kitana kisicho na meno, na ndoo umeifukia chini ya kitanda. Tunajua."

Watu walicheka sana, Samweli naye akacheka, lakini hakusema kwamba si kweli.

Jioni madigadi ilikuwa imekamilika, ina rangi kama kanga mpya. Mzee Mwinshehe aliizunguka mara kadhaa, akaridhika. Ulimboka alikusanya vyuma vyake, akaomba pa kulala. Alisema angependa kuiona ikitembea kabla hajaondoka.

*

Ilitembea asubuhi ya Jumatano. Raheli aliipeleka hadi kwenye dimbwi la kwanza njia ya Kilosa na kurudi. Wakati wa kwenda alisikia tap. Kisha tap nyingine. Aliporudi, watoto walikuwa nyuma yake wakiokota njiani vipande vya vitana na vya mkono wa mwanasesere, na madigadi ilikuwa ikining'inia kwa nyuzi za shaba kama jino la mtoto. Plagi ilikuwa imelowa. Mita za mwisho alisukuma.

Hakuna aliyecheka. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na ndani ya zahanati mtoto mmoja alikuwa akikohoa kikohozi kile kikavu, kikimfikia kila mtu pale nje.

"Cha kwanza kudondoka kilikuwa cha nani?" aliuliza Samweli.

"Chako."

"Si changu. Tuseme ukweli, ndugu zangu, wa maboma nao walitia mkono. Vitu vya porini..."

"Kipande cha boma ndicho hiki," alisema Ulimboka.

Alikuwa amepiga goti mbele ya gurudumu. Kati ya viraka vyote kilibaki kimoja, cha njano. Alikivuta kwa koleo, hakikutoka. Akakikwangua, akauwasha unyuzi wake, akawasogezea pua wale walio karibu.

"Mshumaa," alisema mtu.

"Nilisema jana," alisema Ulimboka, wala si kwa ukali. "Nilisema mara moja. Ilinipasa niseme mara mbili. Nilikuwa nimechoka nami." Akamtazama mzee Mwinshehe. "Kifuniko ni kidogo. Nipate kitu kikubwa cha namna hii, kimoja, leo ninamaliza."

Kila mtu alitazama pembeni, na kila pembeni palikuwa na mtu mwingine anayetazama pembeni. Samweli aliinama kufunga kiatu kisicho na kamba. Mzee Mwinshehe alikuna kidevu. Raheli alijua anachowaza: ndoo ya nani, na huyo mwenye ndoo atakuja kudai nini kesho.

Aliingia ndani. Alikaa kwenye benchi la mbao, mikono mapajani, kwa muda mfupi tu, kwa maana alijua akikaa zaidi hatainuka. Mbele yake ukutani, kwenye msumari, lilining'inia beseni la buluu.

Alikuja nalo siku aliyopangiwa Juhudi. Lilikuwa moja, na halikuwahi kuja jingine. Kila mtoto aliyezaliwa mikononi mwake aliogeshwa humo maji yake ya kwanza, na kila jioni alilisugua kwa majivu kwa kuwa sabuni hakuna, hata sakafu yake ikawa laini kama ngozi. Magreti alikuwa karibu kujifungua, labda wiki hii. Raheli alilitoa msumarini. Alijikuta amelikumbatia, ukingo chini ya kidevu, kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Kisha akatoka nalo nje.

"Sista!" alisema Teresia. "Hilo la watoto!"

"Rudisha, rudisha," walisema wengine.

"Hapana," alisema mzee Mwinshehe. "Hapana, binti yangu. Hilo ni la zahanati. Tukilikata, kaya zimetoa nini? Itakuwa madigadi ya Serikali. Mtu akiona imepasuka, atasema Serikali itaona."

Raheli alihisi uso ukipata moto. Watu wote walikuwa wakimtazama, na alichukia kutazamwa. Safari hii alimsubiri mzee amalize, akahakikisha amemaliza, kisha akasema.

"Mzee, shikamoo."

Mzee alishangaa, walikwisha kusalimiana asubuhi. "Marahaba."

"Mjukuu wako Sharifa alioga humu. Wa Teresia wote wawili. Wa Samweli alioga humu, alikuwa analia, na Samweli alikuwa dirishani analia zaidi yake." Watu wakaguna. Raheli akaendelea. "Hakuna kaya hapa ambayo mtoto wake hakuoga humu. Kila kaya imo. Sina namna nyingine ya kugawa, mzee. Ndiyo hii tu."

"Wangu hakuoga humo," alisema Soila taratibu, kwa Kiswahili chake cha kujifunza mnadani. "Wangu alizaliwa bomani."

"Chako kimeshashika," alisema Ulimboka, akagonga kifuniko cha njano kwa koleo. "Wewe ulitangulia."

Mzee Mwinshehe aliliangalia beseni. Alinyoosha mkono akapitisha kidole ndani yake, palipokuwa laini. Kisha akampa fundi mgongo, na kwa mtu kama yeye huko kulikuwa kukubali.

Ulimboka alikwangua ukingo wa beseni, akauwasha unyuzi, akanusa mshumaa. "Nikikata halirudi," alisema.

"Kata," alisema Raheli.

Alilishika yeye mwenyewe wakati kisu cha moto kinaingia. Moshi ulipanda mwembamba, na harufu ilikuwa moja tu, ya mshumaa, kama kanisani siku ya maziko. Ulimboka alikwangua takataka zote za jana, akazichonga kingo za ufa ziwe mshazari, akalaza kipande cha buluu, akakishona kwa waya, kisha akayeyusha nyuzi nyembamba za beseni ndani ya mshono, polepole, chuma kisipate moto wa kutoa moshi mweusi. Mtu alileta maji ya kupoozea. Fundi alimfukuza. "Acha ipoe yenyewe. Vitu vinavyopozwa kwa haraka vinapasuka palepale." Basi wakakaa wote kuingoja ipoe, na hakuna aliyetaja kitana chake.

*

Alhamisi mvua ilinyesha tangu kabla ya jua. Raheli aliondoka na thamosi tupu, akafika Kilosa saa ambayo hakuitazama, akajaziwa barafu, akawekewa chupa ndogo ndani ya pamba. Yule aliyempa alitazama kupitia dirishani madigadi ya rangi tatu, akatazama tena.

Njia ya kurudi ilikuwa mbaya zaidi ya kwenda. Kwenye mbuga tope lilimrukia kifuani, lilimrukia mdomoni, lakini chini, pale penye plagi, alisikia linagonga plastiki na kuteremka. Kwenye dimbwi la kabla ya Miyombo injini ilikohoa. Raheli akaacha kupumua. Ikakohoa tena. Akalipita gogo alilolikalia mwezi uliopita bila kuligeukia, akaupita mto, na mlio ukaendelea, mnyonge lakini haukukatika. Machozi yalimtoka kwenye tope la mashavuni. Hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Alipofika Juhudi aliitikisa thamosi. Ndani barafu iligonga.

Walikuwa wamepanga mstari tangu adhuhuri. Alichanja hadi jua lilipokuwa linazama, mtoto baada ya mtoto, vilio vikipokezana. Wa mwisho alikuwa wa Soila. Mama yake alimshika mkono imara, akageuza uso wake mwenyewe. Nje, Ulimboka alikuwa akifunga vyuma vyake kwenye baiskeli, na Samweli alikuwa akimweleza mtu kwamba madigadi hiyo, ukiitazama vizuri, sehemu kubwa ni ya mtoto wake.

Raheli alikuwa hajavua hata viatu Magreti alipoingia, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni.

"Sista, nisamehe. Naona umechoka."

"Ingia, mama. Pole. Ingia tu."

Magreti alijifungua asubuhi, mtoto wa kike. Raheli alimkata kitovu, akamfunga kanga, akanyoosha mkono kwenye msumari bila kutazama, kama alivyokuwa akifanya miaka yote. Mkono ulikuta ukuta. Akabaki hivyo, mkono juu, mtoto kifuani, asijue kwa dakika ile afanye nini na uchovu wake wote.

Ndipo alipoona chini ya msumari, juu ya benchi, ndoo ya plastiki. Ilikuwa nyekundu, mpya, ina udongo kidogo kwenye mshikio, kama kitu kilichofukuliwa karibuni. Hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyeacha jina.

Raheli aliipangusa udongo kwa pindo la gauni. Akamimina maji ya vuguvugu, akajaribu kwa kiwiko, akamteremsha mtoto taratibu. Ndoo ni nyembamba, haikuumbwa kwa ajili hiyo. Ilibidi amshike kwa mikono miwili na kumwogesha kwa shida, akiwa amepiga magoti, paji la uso limeegemea benchi. Mtoto alilia, kisha akanyamaza, akawa anasikiliza maji.